Karatasi ilisema 40, getini tulitoka 62: wa kudumu na wa kandarasi kampuni inapopunguza watu

Mwanzisha uzi, Nakuru

Hamjambo wenzangu. Wiki hii nimepigiwa simu na vijana watatu niliowahi kufanya nao kazi. Kampuni zao ni tofauti lakini swali ni moja: watu wameanza kupunguzwa, wao wako kwa kandarasi, je, wana la kudai au wakusanye vitu vyao waende? Nimejibu mara tatu kwa simu. Nimeona niandike hapa kwa urefu, kwa sababu nilipokuwa na swali hilo mimi mwenyewe sikupata wa kunijibu.

Nilikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja hapa Nakuru kwa miaka 6. Mashine ya kufungasha tuliishughulikia wawili. Mwenzangu alikuwa mzee mmoja anayeishi Kaptembwo, mtu wa ajira ya kudumu, miaka 11 kazini. Mimi nilikuwa chini ya wakala. Nilisaini mkataba wa miezi 3, ukiisha napumzishwa siku 5, narudi nasaini mwingine. Mwanzoni nilizipenda zile siku 5, nilizitumia kwenda Njoro kumwona mama. Ilinichukua muda mrefu kuelewa zilikuwa za nini. Zilikatakata miaka yangu ili isiwahi kuitwa miaka.

Kazi yetu ilikuwa moja. Msimamizi mmoja, spana za kampuni, zamu za usiku zile zile. Mashine ikigoma saa nane usiku haikuuliza nani wa kudumu. Mimi nilimfunza mzee kutumia skrini mpya, naye alinifunza kusikiliza beringi kwa sikio kabla haijafa. Nampenda mzee yule mpaka leo, na hilo lieleweke kabla sijaendelea.

Watu hudhani kupunguzwa huja ghafla. Kwetu ilianza na ovataimu kuondolewa. Kisha vipuri vikawa vinaombwa mara tatu ndipo viletwe. Walinzi wa geti la nyuma wakapungua, halafu akina mama wa usafi. Hakuna tangazo lililobandikwa kuhusu akina mama wale. Niliwakuta jioni moja kwenye steji ya matatu na mifuko yao, nikawasalimia nikapita. Hilo linaniuma kuliko yote nitakayoandika hapa. Wao ndio waliokuwa onyo letu, na sikuwauliza hata swali moja.

Miezi miwili baadaye tangazo likabandikwa: wafanyakazi 40 watapunguzwa. Mzee alipata barua yenye sababu na tarehe, nakala ikaenda kwa afisa wa leba. Mwakilishi wa chama aliitwa mkutanoni. Sisi 22 wa wakala tulipata ujumbe wa simu Jumapili saa mbili usiku: kuanzia kesho msifike kazini, mtajulishwa. Nilifungua picha ya lile tangazo niliyokuwa nimepiga, nikalisoma upya. Hatukuwa ndani ya wale 40. Watu 62 walitoka getini mwezi ule, karatasi ikasema 40.

Sasa tufanye hesabu. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri anayefuta nafasi za kazi atoe notisi isiyopungua mwezi mmoja kwa chama cha wafanyakazi, au kwa maandishi kwa mfanyakazi mwenyewe kama hana chama, na kwa afisa wa leba pia. Katika kuchagua nani aondoke, aangalie nani alitangulia kuajiriwa, ujuzi, uwezo, na kama mtu ni wa kutegemewa. Alipe siku za likizo zilizobaki, alipe notisi, na alipe kiinua mgongo kisichopungua malipo ya siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Mzee alikuwa akipata Sh52,000. Ukigawa kwa siku 26 unapata Sh2,000 kwa siku, kwa hiyo siku 15 ni Sh30,000, na kwa miaka 11 ni Sh330,000. Likizo ya siku 14 iliyobaki ilikuwa Sh28,000, notisi Sh52,000. Jumla Sh410,000 kabla ya kodi.

Mimi nililipwa siku 11 nilizokuwa nimefanya mwezi ule. Sh14,300.

Nilikaa nyumbani wiki tatu. Niliona haya hata kutoka mchana. Dada yangu ndiye aliyenisukuma niende ofisi ya leba, na yule afisa alinishangaza kwa maswali yake. Hakuuliza mkataba wangu unaitwaje. Aliuliza: nani alikupangia zamu? Vifaa vilikuwa vya nani? Ukiugua ulimpigia nani? Ungeweza kumtuma mtu mwingine afanye kazi badala yako? Nilipomaliza kujibu, nilijua kitu ambacho sikukijua kwa miaka 6. Kifungu cha 37 kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo hadi siku zake zikafika mwezi, au aliyepewa kazi isiyoweza kuisha ndani ya miezi 3, huhesabiwa kuwa na mkataba wa kulipwa kwa mwezi, wenye notisi yake. Akipitisha miezi 2 mfululizo anastahili masharti ambayo angepata kama hangeanza kama kibarua. Mimi sikuwa kibarua wa kulipwa kila jioni, ila msingi ni huo huo: hutazamwa unavyofanya kazi, si jina waliloandika juu ya karatasi.

Nilikuwa na taarifa za M-Pesa za miaka yote, picha za ratiba ya zamu, na jumbe za kundi la WhatsApp ambamo msimamizi wa kampuni, si wa wakala, alitupa amri kila siku. Kampuni ilisema tumwulize wakala, wakala akasema tuiulize kampuni. Tulizungushwa hivyo miezi 5. Mwishowe pande zote zilikaa meza moja. Kati yetu 22, tuliosaini madai ni 14. Wanane walikataa, wakihofu hawataitwa tena. Mimi nililipwa Sh117,000 za miaka 6 na Sh33,800 za notisi. Wale wanane hawakulipwa, na hawakuitwa tena.

Kwa hiyo ukiwa wa kandarasi, kabla hujasema huna haki, chunguza kwanza kama kweli wewe ni mwanakandarasi. Wengi wetu hatuko. Na wewe wa kudumu, ukiona watu wa wakala wanapungua, uliza.

Aliyekuwa afisa wa wafanyakazi, Kisumu

Nilikaa upande wa pili wa meza hiyo kwa miaka 9, na nataka kueleza jinsi jambo hili linavyofanyika, maana wengi hudhani kuna mtu anayekaa akachagua majina kwa chuki.

Mfanyakazi wa kudumu yuko kwenye orodha ya mishahara. Kumwondoa kunahitaji barua, wakili, chama, afisa wa leba, na pesa zilizotengwa mapema. Mtu wa wakala hayumo kwenye orodha hiyo. Yuko upande wa manunuzi, pamoja na dizeli ya jenereta na karatasi za printa. Makao makuu yakiagiza matumizi yapunguzwe kabla ya mwisho wa robo ya mwaka, mstari huo ndio unaokatwa kwanza, kwa barua pepe moja, na hakuna sheria inayokulazimisha kuutangaza. Barua pepe zile hazikuwa na majina. Zilikuwa na tarakimu. Nilizituma mimi mwenyewe na nasikitika kwa hilo.

Mara nyingine hugeuka. Agizo likiwa ni kupunguza idadi ya waajiriwa, na si gharama, wa kudumu ndiye hutoka na wa kandarasi hubaki, kwa sababu hahesabiwi kichwa. Nimewahi kumpigia mtu simu arudi kwenye kiti kile kile miezi minne baada ya kumpa barua kwamba kiti kimefutwa, safari hii kwa kandarasi, bila bima ya familia. Alirudi. Alikuwa na watoto wa kulipia karo. Mwajiri anayefanya hivyo anajiweka pabaya kisheria, kwa kuwa kufutwa kwa nafasi lazima kuwe kwa kweli. Akishindwa kuthibitisha sababu zake, mahakama inaweza kumtoza fidia ya hadi mishahara ya miezi 12.

Mtaalamu wa mitandao, Milimani, Kisumu

Nashukuru kwa uzi huu, ila naomba tusiwaweke wanakandarasi wote kapu moja. Mimi nimechagua. Nina wateja wanne kati ya hapa na Busia, natumia vifaa vyangu, nikitaka kulala mchana nalala. Mmoja wa wateja wangu alipunguza watu mwaka jana na mkataba wangu ukakatwa kwa notisi ya siku 30 tuliyokubaliana. Iliniuma, lakini niliendelea kula kwa sababu ya wale watatu. Mtu mwenye mteja mmoja, anayeingia saa mbili na kutoka saa kumi na moja, huyo ni mwajiriwa aliyenyimwa barua.

Wanaoingia huku wajue gharama zake. Nikitoza Sh90,000 za ushauri, mteja anakata kodi ya zuio asilimia 5, Sh4,500, ananipa Sh85,500. Vijana hudhani kodi imeisha hapo. Haijaisha. Kabla ya Juni 30 unajaza mapato yako yote, na ile 5 inahesabiwa tu kama sehemu uliyotanguliza. SHA, bima ya afya ya serikali, unalipa mwenyewe kwa mwaka mzima. NSSF, mfuko wa uzeeni, hakuna anayekuongezea nusu ya pili. Likizo ni siku usizolipwa. Ndiyo maana nasema ukitoza sawa na mshahara wa mwenzako wa kudumu umejipunja. Mimi huongeza angalau theluthi.

Na deni la kazi iliyokwisha usiliache. Mahakama ya Madai Madogo inapokea madai yasiyozidi Sh1,000,000, huhitaji wakili, na sheria inaitaka imalize ndani ya siku 60.

Msidhani ni sisi tu. Machi 2019 Google ilikuwa na watu wa muda na wa kandarasi wapatao 121,000, na waajiriwa wake kamili 102,000. Yaani walio wengi hawakuwa waajiriwa wake. Microsoft ilishitakiwa na watu iliowaita wa muda kwa miaka mingi ilhali walifanya kazi ya kudumu, na kesi ikamalizwa mwaka 2000 kwa dola milioni 97. Hapa kwetu, wakaguzi wa maudhui ya Facebook waliokuwa wakifanya kazi Nairobi chini ya kampuni ya wakala walipoambiwa mwaka 2023 kwamba kazi imekwisha, waliishitaki Meta yenyewe, mwenye Facebook, pamoja na wakala. Meta ilisema haiwezi kushitakiwa Kenya. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikasema inaweza. Yaani kulizungushia jina la wakala hakumalizi swali la nani mwajiri.

Mchangiaji, Kakamega

Mulembe wote. Nyinyi mnazungumza kana kwamba wa kudumu amefika salama. Baba yangu alikuwa wa kudumu katika kiwanda cha sukari, miaka 24. Sitakitaja. Kila mwisho wa mwezi alikatwa pesa za Sacco na za uzeeni. Kiwanda kilipoanza kuyumba, mishahara ilichelewa mwezi, ikawa miwili, ikawa saba. Barua yake ya kuachishwa ilikuwa nzuri, imepigwa muhuri, hesabu ya kiinua mgongo imeandikwa hadi senti. Ameitunza kwenye bahasha chini ya godoro. Pesa hazijafika.

Sisi watu wa Magharibi tunalijua jambo hili. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilifungwa 2009 na mji ukanyamaza. Kiwanda cha sukari cha Mumias kiliingia 2019 mikononi mwa mrasimu, yaani msimamizi wa mali ya kampuni iliyoshindwa kulipa madeni. Mwaka 2025 viwanda vinne vya serikali, Nzoia, Chemelil, Muhoroni na Sony, vilikodishwa kwa wawekezaji kwa miaka 30. Kampuni ikifilisika, Sheria ya Ufilisi ya 2015 inawaweka wafanyakazi mbele ya wadai wengi wasio na dhamana, lakini mishahara inayotangulizwa hivyo ni ya miezi 4, na haivuki Sh200,000 kwa mtu. Benki iliyoshika hati za ardhi na mitambo inatangulia. Baba alipoelezwa hivyo aliuliza swali moja tu: "Na ile miaka mingine ishirini na tatu?" Sikuwa na jibu.

Wale waliokuwa wakikata miwa kwa kandarasi waliondoka mapema, wengine wakaanza bodaboda, wengine wakapanda soya na mahindi. Baba alibaki akingoja, kwa sababu wa kudumu hafundishwi kuondoka. Naliandika hili bila kumlaumu.

Mfanyakazi wa kudumu, Lanet

Mwanzisha uzi, nakuheshimu, lakini nawe tusikilize. Watu wa wakala walipoanza kuletwa kwetu, sehemu yetu ilikuwa na wa kudumu 30. Leo tuko 9. Kila anayestaafu anawekwa wa kandarasi mahali pake kwa nusu ya malipo. Chama chetu kinapungua nguvu kila mwaka kwa sababu wapya hawajiungi. Ukinitaka niwasimamie, ni lini wao watasimama nami?

Mwanzisha uzi, Nakuru

Kaka wa Lanet, umesema kweli na sitabisha. Nilipokuwa wa wakala sikujiunga na chama. Niliambiwa siruhusiwi nikakubali bila kuuliza. Katiba ya 2010, ibara ya 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kuunda na kujiunga na chama, haisemi wa kudumu peke yake. Ningelijua hilo mwaka wa kwanza, na nyinyi mngenijia mwaka wa kwanza, pengine wale wetu wa kudumu waliotoka bila kugombaniwa wasingetoka vile. Kosa lilikuwa la pande mbili. Lakini aliyewashusha kutoka 30 hadi 9 si kijana anayelipwa Sh1,300 kwa siku.

Niseme na habari za mzee wangu, kwa sababu watu wananiuliza kama alitajirika na zile Sh410,000. Alikuwa na mkopo wa Sacco uliokuwa ukikatwa moja kwa moja kwenye mshahara. Siku mshahara ulipokoma, Sacco ilichukua akiba yake kufidia deni, na deni lililobaki wakalidai kwa wadhamini wake. Wadhamini walikuwa watu wa idara ile ile, na wawili kati yao walikuwa nao wamepewa barua mwezi ule. Mnaelewa? Waliosimamiana walianguka pamoja. Mzee aliona vibaya, akachukua kiinua mgongo chake akalipa deni lote mwenyewe ili asimwache mtu. Alibaki na Sh90,000 na kitu. Sasa anatengeneza pampu za maji huko Kaptembwo, na nikipata kazi kubwa namwita. Wa kudumu mwenye mkopo, tafuta angalau mdhamini mmoja asiyefanya kazi mahali pako. Nasema hili kwa uchungu.

Kuhusu baba wa Kakamega, sina la kusema isipokuwa pole. Mpe salamu zangu.

Mchangiaji mpya, Bungoma

Nimesoma tangu mwanzo. Mimi ni karani kwenye bohari ya kampuni moja hapa, mkataba wa miezi 6, huu ni wa tano mfululizo. Unaisha Ijumaa ijayo. Jana tumeambiwa mdomo tu kwamba haitaongezwa, na meneja ametupa karatasi tusaini kwamba "sina madai yoyote." Wenzangu wameshasaini. Mimi nimesema nina miadi ya kliniki nikaondoka. Nifanye nini, kaka? Nina mtoto wa mwaka mmoja.

Mwanzisha uzi, Nakuru

Dada, usisaini hiyo karatasi kabla ya kupata ushauri. Sikudanganyi: mkataba wenye tarehe ya mwisho ukifika tarehe yake, kwa kawaida umeisha, na mahakama zetu mara nyingi hukataa kwamba mtu ana haki ya kuongezewa eti kwa sababu aliongezewa zamani. Kwa hiyo kiinua mgongo cha kifungu cha 40 usikitegemee sana. Lakini likizo ni siku 21 kwa mwaka, kwa hiyo angalia ni ngapi hukupewa wala kulipwa. Angalia kama NSSF iliyokatwa kwako ilipelekwa, utaona kwenye akaunti yako. Dai cheti cha utumishi, kifungu cha 51 kinakupa, na utakihitaji ukitafuta kazi. Na kama nafasi yako inajazwa na mtu mwingine Jumatatu inayofuata, andika jina la kazi na tarehe. Afisa wa leba atataka kulijua.

Leo usiku, kabla hujalala, piga picha mikataba yote mitano, kila ukurasa. Chukua taarifa za benki. Hifadhi jumbe za msimamizi mahali pengine, si kwenye simu ya kazi. Mwajiri ndiye anayetakiwa kuwa na kumbukumbu za ajira, na akishindwa kuzitoa mbele ya mahakama ni juu yake kukanusha unachosema, lakini wewe usiende mikono mitupu. Una miaka 3 ya kufungua madai. Usingoje hata miezi 3.

Na waulize wenzako waliosaini kama walipewa nakala.

Mchangiaji mpya, Bungoma

Nimepiga picha zote, kurasa 31. Wenzangu hawakupewa nakala, hata mmoja. Wawili wamesema watakuja nami. Jumatatu asubuhi tuko ofisi ya leba, nitaandika hapa tukitoka.